Vitamini na madini kwa mwenye fibromialgia: kipi upime, kipi ununue, kipi ukiache dukani

Ingia famasia yoyote ya Mombasa, iwe Mwembe Tayari, Nyali au Likoni, useme mwili mzima unauma na usingizi hauburudishi. Hutoki mikono mitupu. Utafungiwa vidonge vya vitamini B, chupa ya magnesiamu, pengine na kapsuli za mafuta ya samaki, na hakuna atakayekuuliza kama damu yako imewahi kupimwa. Hapo ndipo pesa nyingi za wagonjwa wa fibromialgia huishia: katika kujaza kisichopungua.

Fibromialgia ni maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi usiotosha hata ukilala saa nane, na akili kuwa nzito. Ubongo na uti wa mgongo huzidisha ishara za maumivu, ndiyo maana eksirei hutoka safi huku mgonjwa hawezi kukunja godoro. Hakuna vitamini inayouponya. Saplimenti husaidia zaidi pale inapoziba pengo ambalo kweli lipo, kwa sababu pengo hilo huongeza maumivu na uchovu juu ya ule wa ugonjwa wenyewe. Mwongozo wa EULAR, muungano wa wataalamu wa baridi yabisi wa Ulaya, uliorekebishwa 2016, ulipendekeza kwa nguvu jambo moja tu, nalo ni mazoezi. Kwa hiyo yote yanayofuata yaende sambamba na kutembea au kuogelea, wala yasichukue nafasi yake.

Kabla ya kununua chochote

Magonjwa kadhaa hujifanya fibromialgia, na mengine yana tiba. Hapa pwani la kwanza kuulizia ni chikungunya. Ilienea Mombasa 2004, ikarudi mwishoni mwa 2017 hadi 2018, na maumivu yake ya viungo yanaweza kukaa miezi mingi baada ya homa kwisha. Ikiwa maumivu yalianza na homa ya ghafla na viungo vikavimba, mweleze daktari hivyo hivyo. Usimwambie tu "mwili unauma". Tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa damu, baridi yabisi, lupasi, kisukari kilichogusa neva, na dawa za kushusha kolesteroli zinazouma misuli, vyote huleta malalamiko yaleyale.

Vipimo vya kuomba ni hivi: hesabu kamili ya damu, TSH ya tezi, sukari, kreatinini ya figo, kalsiamu, ESR au CRP (vya uvimbe mwilini), ferritini (akiba ya chuma), vitamini D, na B12. Vyote kwa pamoja ni ghali. Mfuko ukiwa mwepesi, anza na hesabu kamili ya damu, TSH, sukari na kreatinini, kisha ferritini na vitamini D. B12 isubiri, isipokuwa uko katika kundi lake la hatari litakalotajwa chini. Kreatinini usiiruke: ndiyo inayokuambia kama magnesiamu ni salama kwako.

Vitamini D

Watu hushangaa kuambiwa wamepungukiwa na vitamini ya jua katika mji ulio takribani digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Lakini jua linalotengeneza vitamini hii lazima liguse ngozi. Anayevaa buibui na kushinda ndani, mfanyakazi wa ofisi anayepata jua kupitia kioo cha dirisha (kioo huzuia miale inayohitajika), mgonjwa anayeogopa kutoka kwa sababu ya maumivu, wote wanaweza kupungukiwa. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe.

Upungufu mkubwa hulainisha mifupa, na maumivu yake ni rahisi kuyachukulia kuwa fibromialgia. Dalili za kutazama: ukibonyeza mfupa wa muundi unauma sana, kuinuka kutoka kwenye mkeka ni lazima ushike ukuta, kupanda ngazi ni shida, na mwendo umekuwa wa kuyumba upande na upande. Mtu wa namna hii anaweza kupata nafuu kubwa kwa vitamini D. Aliye na kiwango kizuri hatapata kitu kwa kuongeza.

Kipimo sahihi kinaitwa 25-hidroksi vitamini D. Kipo kingine, 1,25-dihidroksi, ambacho hakionyeshi akiba ya mwili; wakikuandikia hicho, ulizia. Ukipewa karatasi ya majibu, tazama yuniti kabla ya tarakimu. Maabara nyingine hutumia ng/ml, nyingine nmol/l, na 1 ng/ml ni sawa na 2.5 nmol/l. Jibu la "30" kwa ng/ml halina neno; "30" kwa nmol/l ni ng/ml 12 tu, yaani upungufu wa wazi. Kosa hili la kusoma karatasi limewanyima watu dawa waliyoihitaji. Chini ya ng/ml 20 kwa kawaida huhesabiwa upungufu.

Jaribio dogo la Austria lililochapishwa 2014 liliwachukua wanawake 30 wenye fibromialgia na vitamini D ya chini, wakaipandisha hadi kati ya ng/ml 32 na 48 kwa wiki 20. Waliopewa vitamini waliumwa kidogo kuliko waliopewa vidonge vitupu. Thelathini ni wachache, lakini angalau waliochaguliwa ni wale waliokuwa na pengo.

Kwa upungufu uliothibitishwa, daktari huandika mara nyingi yuniti 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 8, kisha dozi ndogo ya kila siku, kama 1,000 hadi 2,000. Kosa baya kuliko yote ni kumeza ile ya 50,000 kila siku, kwa sababu kapsuli ni ndogo na pakiti imekaa kama ya dawa nyingine yoyote. Andika siku ya wiki juu ya pakiti kwa kalamu ya wino mzito: "IJUMAA TU". Usiyepima, usipite yuniti 1,000 kwa siku. Na 4,000 ndiyo mpaka wa juu wa mtu mzima asiye chini ya uangalizi. Lebo ikiandika mikrogramu, zidisha kwa 40 upate yuniti: mikrogramu 25 ni yuniti 1,000.

Imeze na chakula chenye mafuta. Mbaazi za nazi, samaki wa kupaka au mayai yanatosha. Chai kavu ya asubuhi haitoshi. Pima tena baada ya miezi 3. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu: kiu isiyoisha, kichefuchefu, choo kigumu, kukojoa sana, mawe ya figo. Anayetumia dawa ya presha aina ya haidroklorothiazidi, mwenye historia ya mawe ya figo, na anayetibiwa kifua kikuu wapime kalsiamu kwanza. Na usijaribu kuipata vitamini D kwa kuongeza vijiko vya mafuta ya ini la samaki: yana vitamini A nyingi, ambayo ikizidi huumiza ini, na kwa mjamzito huweza kumdhuru mtoto.

Magnesiamu

Hii huuzwa sana kwa wagonjwa wa maumivu, na mara nyingi hununuliwa vibaya. Ushahidi wake ni mdogo lakini upo: jaribio la Uturuki la 2013 lilitumia magnesiamu sitreti miligramu 300 kwa siku kwa wiki 8, na waliochanganya na amitriptilini, dawa ambayo wagonjwa hawa huandikiwa kwa maumivu na usingizi, walipata nafuu zaidi. Kipimo cha damu hakisaidii sana, kwa kuwa chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili imo kwenye damu; jibu linaweza kuwa zuri ilhali misuli na mifupa imepungukiwa. Kwa hiyo hapa hujaribiwa kwa muda, mradi figo ziwe nzima.

Soma lebo hivi. Kinachokuhusu ni uzito wa magnesiamu yenyewe, unaoandikwa "elemental". Uzito wa chumvi nzima ni habari nyingine. Oksaidi ina magnesiamu kama asilimia 60 ya uzito wake, lakini mwili huinyonya vibaya na nyingi huishia kuharisha. Sitreti ina kama asilimia 16, glisineti kama 14. Chupa iliyoandikwa "magnesium glycinate 1000 mg" kwa herufi kubwa basi inakupa miligramu 140 hivi, tena angalia nyuma: mara nyingi hiyo 1,000 ni ya kapsuli mbili. Ukimeza moja, umepata 70. Mtu hukaa miezi akisema magnesiamu haimfai kumbe hajawahi kuifikia dozi. Mwingine hununua oksaidi ya bei nafuu, akimbilie choo siku tatu, aiache. Wote wawili hawajaijaribu.

Kwa mwenye choo kigumu, sitreti ndiyo nzuri. Amitriptilini hufunga choo, kwa hiyo sitreti husaidia pande zote mbili. Kwa mwenye tumbo jepesi, glisineti. Anza na miligramu 100 za magnesiamu halisi baada ya chakula cha usiku. Baada ya wiki, tumbo likikaa sawa, 200. Wiki inayofuata, 300. Mpaka wa juu kutoka kwenye saplimenti ni 350 kwa viwango vya Marekani; Ulaya wameuweka 250. Choo kikilainika kupita kiasi, rudi hatua moja nyuma.

Mwenye figo dhaifu asiiguse bila daktari. Magnesiamu isiyotoka mwilini hulegeza misuli, hushusha presha na kupunguza mwendo wa moyo. Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za kiungulia za majimaji zina magnesiamu ndani, nazo zihesabiwe.

Halafu dawa zinazogombana nayo, sehemu ambayo muuzaji husahau kuuliza. Magnesiamu hushikana na dawa tumboni na kuzizuia kuingia kwenye damu. Ya tezi, levothairoksini, iachanishwe nayo kwa saa 4. Gabapentini, ambayo wagonjwa wa maumivu huandikiwa mara kwa mara, imezwe saa 2 baada ya magnesiamu. Antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini zimezwe saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 4 hadi 6 baada yake. Anayetumia ARV yenye dolutegravir aimeze saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake. Hili lisichukuliwe kimchezo, kwa sababu dawa isipoingia vizuri virusi huanza kupanda. Asiyetaka kumtajia muuzaji dawa zake mbele ya foleni na aombe kuzungumza na mfamasia pembeni. Ni haki yake.

Chakula nacho kina sehemu yake, na ni rahisi huku kwetu. Kiganja cha korosho, gramu 28 hivi, kina magnesiamu karibu miligramu 74. Mchicha, mbaazi, ndengu, ufuta na wimbi vinaongeza. Uji wa wimbi asubuhi na korosho mkononi hufanya kazi kimya kimya bila kumkera mtu tumbo.

B12, na mtego wa B6

B12 ikipungua huleta ganzi na kuwaka miguuni, uchovu na usahaulifu, dalili ambazo mwenye fibromialgia huzibeba na kudhani ni zilezile. Walio hatarini ni wanaotumia metformini ya kisukari kwa miaka, wanaomeza omeprazoli ya kiungulia mfululizo, wazee, na wasiokula nyama, samaki wala maziwa. Chini ya pg/ml 200 ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la shaka. Vidonge vya mikrogramu 1,000 kwa siku hutosha wengi, hata ambao tumbo lao halinyonyi vizuri, kwa sababu sehemu ndogo hupenya yenyewe. Ganzi ikiwa imeshapanda au mwendo umeharibika, anza na sindano hospitalini. Usimeze foliki asidi nyingi peke yake kabla B12 haijajulikana: huirekebisha damu, huku neva zikiendelea kuharibika.

Sasa mtego. Vidonge na sindano za "neva" huchanganya B1, B6 na B12, na B6 ndani yake inaweza kuwa nyingi sana. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zenyewe na kuleta ganzi na kuchomachoma kwa miguu. Mgonjwa huona hali inazidi, akaongeza kidonge. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha mpaka wa B6 hadi miligramu 12 kwa siku mwaka 2023. Marekani bado ni 100. Geuza pakiti, tafuta mstari wa piridoksini, ndiyo B6. Ukiona 100 au 200, si kidonge cha kumeza mwaka mzima kwa hiari yako.

Chuma

Kwa mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi, ferritini ya chini inatosha kueleza nusu ya uchovu. Chini ya ng/ml 15 ni upungufu, na madaktari wengi hutibu hata ikiwa chini ya 30. Maambukizi na uvimbe huipandisha ferritini kwa uongo, ndiyo maana ESR au CRP isomwe pamoja nayo. Kidonge kimoja chenye chuma halisi cha miligramu 60 hivi, siku moja ndiyo siku moja sivyo, huingia vizuri na hukera tumbo kidogo kuliko viwili kila siku. Kimeze na maji ya ndimu. Chai na kahawa tungu ziwe mbali kwa saa 2, kwani huzuia chuma kuingia. Choo cheusi ni kawaida.

Asiyepimwa asimeze chuma. Pwani ina wagonjwa wengi wa selimundu, na aliyewahi kuongezewa damu mara kwa mara anaweza kuwa na chuma kilichozidi ingawa damu yake ni chache. Vidonge vya chuma vifichwe watoto: vichache tu huweza kumuua mdogo.

Vya bei ghali

Koenzimu Q10 ilijaribiwa Hispania kwa miligramu 300 kila siku kwa siku 40, na maumivu na uchovu vilipungua, lakini wagonjwa walikuwa 20 tu. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiitumie bila kupimwa damu upya. Asetili-L-kanitini ina jaribio moja zuri kiasi, na bei ya kuumiza. Melatonini, miligramu 3 hadi 5 saa moja kabla ya kulala, inaweza kusaidia usingizi. Isichanganywe kiholela na pregabalini au amitriptilini, utalala hadi adhuhuri. Lakini anayetafuna miraa au muguka jioni, au anayekunywa kahawa barazani usiku, hana haja ya melatonini kabla hajaacha hivyo. Mafuta ya samaki hayajathibitishwa kwa fibromialgia. Vibua na jodari mara mbili kwa wiki vinatosha na vinaleta vitamini D kidogo.

Vya kuacha dukani

Saplimenti za 5-HTP, SAMe na mmea wa St John's wort huongeza serotonini, kemikali ya ubongo. Vikikutana na dawa za sonona au maumivu kama dulosetini, amitriptilini, fluoksetini au tramadoli, mwili unaweza kufurika serotonini: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa, homa, kuchanganyikiwa. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Vingi huagizwa mtandaoni, kwa hiyo hakuna wa kukuonya.

Habasoda na manjano ya jikoni havina neno. Habasoda kwa vijiko pamoja na dawa za sukari inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na kapsuli nzito za manjano zilizochanganywa na pilipili manga zimewahi kuumiza ini za watu. Poda isiyo na lebo inayoondoa maumivu kwa siku mbili inafaa kuogopwa zaidi kuliko yote; dawa za namna hiyo zimekutwa na steroidi ndani. Uso ukivimba na sukari ikapanda, usiikate ghafla, peleka kifuko chenyewe kwa daktari.

Namna ya kujaribu

Anza kimoja kimoja. Ukianza vitatu siku moja, hutajua kilichosaidia wala kilichokuharisha. Kwanza kaa wiki mbili bila kipya, kila usiku uandike namba tatu kutoka 0 hadi 10: maumivu, uchovu, usingizi. Fibromialgia hupanda na kushuka yenyewe, na watu hununua dawa siku ya maumivu makali; nafuu inayofuata huenda ingekuja hata bila dawa. Ndiyo kazi ya wiki hizo mbili. Kisha anza kimoja: magnesiamu ipe wiki 8, vitamini D miezi 3, B12 na chuma hadi kipimo kirudiwe. Wastani wa maumivu usiposhuka angalau namba 2, acha magnesiamu na uweke pesa. Ukishuka, acha kwa wiki mbili uone kama yanarudi.

Ratiba ya siku ya kawaida: chuma asubuhi na mapema na ndimu, chai baada ya saa 2, vitamini D na chakula cha mchana, magnesiamu baada ya chakula cha usiku. Mwezi wa Ramadhani, vitamini D na magnesiamu ziende na futari, chuma saa nne usiku mbali na chai. Magnesiamu isipelekwe kwenye daku: tumbo likilainika mchana wa saumu utapoteza maji usiyoweza kuyarudisha. Kapsuli nyingi ni za jelatini, inayotokana na wanyama. Anayetaka uhakika wa halali atafute zilizoandikwa HPMC, za mimea, au vidonge vikavu.

Unyevu wa Mombasa huharibu vitu hivi mapema. Kapsuli za mafuta hugandana kuwa donge, vidonge vya kuyeyusha majini hufura na kupasuka kingo. Usivihifadhi jikoni, bafuni, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Weka kwenye droo ya chumbani, acha kile kifuko kidogo cha kukausha ndani ya chupa, na ukitoa kidonge funga kifuniko papo hapo. Nunua chupa ya miezi 2, hata kama ya miezi 6 ni nafuu kwa hesabu, na ununue kwenye famasia iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kidonge kilichobadilika rangi, kilichonata au kinachonuka kama samaki aliyelala kitupwe.